Mtafute Aliyeshindwa, Umwulize Anakula Wapi

East Larkin, Vermont
11 Januari

Mjukuu wangu Maren,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo baba yako aliikimbia. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika lakini silisikilizi. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Everett Stoddard wa ng'ambo ya barabara mpaka leo hajang'oa bango lake la uchaguzi, na uchaguzi ulipita Novemba, kwa hiyo na mimi langu sijaling'oa. Theluji imeyafunika yote mawili hadi shingoni. Mwambie baba yako kwamba bomba la jikoni lilipasuka nikaliziba mwenyewe. Asijisumbue kuuliza, maana hakuuliza.

Sasa hilo la vyuo. Kile kitabu cha picha ulichonitumia nimekitazama chote. Kila ukurasa watoto wamekaa kwenye nyasi wanacheka. Wanachekea nini? Mimi shule niliiacha darasa la nane nikaenda kukamua, lakini picha ya kuuzia ng'ombe naijua: anapigwa upande usio na kidonda.

Unasema vyuo hivi ni vidogo, watoto wanakaa humo pamoja miaka minne, wanasoma nyota na mashairi na falsafa, na wanatoka bila kazi mkononi. Haya. Unasema pia kwamba huchagui kwa masomo, maana masomo yanafanana. Unachagua kwa siasa za pale na namna watu wanavyoishi. Hapo umeniamsha. Wanaishije? Nani anakaa na nani? Wakigombana wanafanyaje? Niandikie, na usiandike kama kile kitabu. Simu sitaki. Kwenye simu unasema "ndiyo, Bibi" huku akili iko kwingine.

Bibi yako,
Verna Gilfillan


Tucson, Arizona
2 Februari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Huku tunavaa fulana, naomba usinitukane. Baba ameona haya kuhusu bomba, lakini si haya za kumfanya ashike kalamu. Watu wa Tucson hawaishi kuharibu viyoyozi, na yeye haishi kuvitengeneza. Anakusalimu.

Vyuo nilivyovipenda ni viwili. Cha kwanza ni Penhallow, kiko Massachusetts, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka kwako. Nilikwenda Oktoba na Baba. Kila mlango una bango, na karibu yote yanasema mambo ninayoyaamini na mimi. Msichana aliyetutembeza alikuwa anatembea kinyumenyume ili atutazame usoni, bila kujikwaa hata kidogo. Akasema, "Hapa hutahitaji kujieleza. Wote tuko upande mmoja." Bibi, nilisikia mabega yangu yakishuka.

Cha pili ni Lindqvist, Minnesota. Ni mbali, na baridi kama ya kwako. Kuna watoto wa wakulima na watoto wa mawakili, wanaosali na wasiosali, na wanafunzi wenyewe wanaandika mtandaoni kwamba watu wa pale wanabishana hata juu ya supu.

Kuna kurasa zinazovipanga vyuo kwa mambo haya: wapi siasa ni kali, wapi hawajali, wapi wanaelewana. Kwa kuelewana, Penhallow iko juu kabisa. Nadhani itakuwa Penhallow. Nataka tu mahali pa kupumua.

Mjukuu wako,
Maren


East Larkin
10 Februari

Maren,

Marahaba. Haya za baba yako nimezipokea, nimeziweka kwenye rafu pamoja na zile za mwaka jana. Goti lile lile. Ndama anakunywa vizuri. Paka kaiba nyama ya nguruwe nzima, na nimemsamehe kwa sababu ana akili kuliko majirani.

Umeandika unataka mahali pa kupumua. Nani amekukaba? Msichana wa miaka kumi na saba hachoki hivihivi tu. Tena barua zako nyingi za mwaka jana zilikuwa Ximena hiki, Ximena kile, Ximena kaleta tamale, vile vinyunga vya mahindi vya kwao, Ximena kajikata nywele mwenyewe zikaharibika. Hii ya juzi ina kurasa tatu na Ximena hayumo. Amehama? Mmegombana? Nauliza.

Kuhusu kuelewana, mimi nilifuga kondoo miaka mingi. Kondoo wanaelewana sana. Sikikatai Penhallow. Nataka kujua tu, huyo anayetembea kinyumenyume, anakokwenda anakuonaje?

Na mimi nina yangu. Jumanne ya kwanza ya Machi ni Mkutano wa Mji, na maharagwe ya mchana ni yangu kama kila mwaka. Safari hii kuna hoja mbaya. Everett na wenzake wanataka tuache kukaa ukumbini kubishana na kunyoosha mikono. Kila mtu aje na karatasi yake, aitumbukize sandukuni, arudi kwake. Husemi, husikii. Nina maneno ya siku hiyo na nimeyafanyia mazoezi mbele ya ng'ombe. Hakuna aliyepinga.

Bibi


Tucson
24 Machi

Bibi,

Shikamoo. Sisi wazima. Baba ameota ndevu na zina mvi, atakasirika akijua nimekuambia. Ximena yupo, hajambo.

Nimekubaliwa kote kuwili! Natakiwa nijibu kabla ya Mei mosi, na vyote vimenialika Aprili nikalale usiku mmoja chumbani kwa mwanafunzi, nione maisha yalivyo.

Mbona kimya? Jumanne ya kwanza imepita zamani na hujaandika neno. Mkutano ulikuwaje? Baba anasema wewe ukinyamaza, ama umeshinda sana ama umeshindwa sana.

Maren


East Larkin
30 Machi

Maren,

Hongera kwa vyuo. Sikushangaa, kichwa umekirithi kwangu. Huku ni msimu wa tope, gari la posta limezama mara mbili mbele ya lango langu. Ndama amepata jina, anaitwa Seneta, kwa kuwa halii ila akitaka kitu. Mwambie baba yako ndevu za mvi hazimfanyi mtu kuwa mzee wa busara. Marehemu babu yako alikuwa nazo.

Nilitaka kukuambia nimechelewa kwa sababu ya kugema utomvu wa miti ya sukari. Ni uongo. Sikutaka kuandika, basi.

Tulishindwa. Hoja ile ilikuwa ya mwisho kabisa, baada ya chakula. Kwa hiyo mchana ulipokaribia nilikuwa chini, kwenye jiko la ukumbi, natoa vyungu kwenye oveni. Huko juu mambo ya greda na madaraja yakaisha upesi, jambo ambalo halijatokea tangu niolewe, na mtu mmoja mwenye haraka zake akasema, tuimalize na hii tukale. Wakapiga kura. Mimi napanda ngazi na chungu mikononi kuwaita mezani, naona mikono inashuka.

"Mnapigia nini kura?" nikauliza.

Nikaambiwa. Nikakitua chungu mezani kwa katibu, juu ya makaratasi yake.

Mwenyekiti akasema, "Verna, imekwisha. Wameshinda kwa tofauti ya kura tatu."

"Imekwisha mimi nikiwapikia?"

"Utaratibu unaujua. Aliyeshindwa haombi kura irudiwe. Anayeweza kuomba ni mtu wa upande ulioshinda, basi."

Watu wanatazama viatu vyao. Ndipo Everett Stoddard akainuka. Huyo huyo wa bango. Akavua kofia, na kofia yake haivuliwi hata kanisani. Akasema, "Mimi nilipiga na walioshinda. Naomba irudiwe. Huyu mama ana maneno. Mwezi mzima namsikia anawahubiria ng'ombe. Siwezi kula maharagwe yake kabla hajaniambia usoni kwamba mimi ni mjinga."

Watu wakacheka, wakakubali. Nikasema yangu. Nikasema karatasi haina uso. Nikasema, ukitaka kuninyima greda mbele ya lango langu, ninyime nikikutazama, na mimi nitajua nianzie wapi kukushawishi mwakani. Nilisema vizuri, Maren. Mke wa mchungaji alilia, ingawa yule hulia hata kwa tangazo la sabuni.

Tukarudia. Mkono wa Everett ukapanda juu kinyume changu, kama mwanzo. Tulishindwa tena, na safari hii kwa kura nyingi zaidi, maana wavuta sigara walikuwa wamerudi ndani. Kisha tukala. Everett alikula sahani mbili, akasema chumvi imezidi. Ilikuwa imezidi.

Mwakani hakuna mkutano, na pasipo mkutano hakuna chakula. Usiniulize najisikiaje.

Sasa sikiliza wewe. Ukienda kulala huko, usiniletee habari za walioshinda. Walioshinda wana raha popote. Katika kila chuo mtafute mtu aliyeshindwa mara ya mwisho kwenye ubishi wowote, umwulize anakula wapi, na nani.

Bibi


Tucson
17 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nimerudi jana, nimechoka, Baba kaniunguzia mayai kunipongeza. Anasema anamkumbuka Everett akimfukuza kwenye miti ya tufaha. Alipoisoma barua yako alitoka nje kidogo, akarudi akasema vumbi limemwingia.

Nimefanya ulichoniagiza.

Penhallow nililala kwa msichana anaitwa Saskia. Bibi, wale watu ni wema. Walinipa blanketi la mtu, soksi za mtu, wakaniimbia wimbo wa bweni lao. Sijawahi kupokelewa hivyo. Nikauliza swali lako mezani. Saskia akasema, "Aliyeshindwa na nani? Sisi huwa tunakubaliana." Wengine wakaitikia kwa kichwa, tukahamia kwenye keki. Tulipofika chumbani akafunga mlango, akapunguza sauti.

"Alikuwepo Tobias," akasema. "Wanafunzi walitaka gazeti letu lifungwe kwa sababu ya makala moja. Yeye peke yake alikataa."

"Sasa hivi anakula wapi?"

"Alihamia chuo kingine. Hakuna aliyemfukuza." Akarudia, "Kwa kweli hakuna aliyemfukuza." Na taa ilipozimwa: "Mimi nilikuwa naona anasema kweli. Usimwambie mtu."

Lindqvist, msichana aliyenipokea anaitwa Britta, na alikuwa amesahau kwamba naja. Nililala sakafuni, nikajifunika taulo. Asubuhi kwenye ukumbi wa chakula nikamwuliza. Akaugulia kama anayeng'olewa jino. "Tafadhali, usiliulize hilo kwa sauti," akasema, lakini kijana wa meza ya pili alikwisha kusikia. Akaja na bakuli lake. Anaitwa Lowell. Baba yake anafanya kazi kwenye visima vya mafuta Dakota. Wanafunzi walipiga kura kukitaka chuo kiuze hisa zake za kampuni za mafuta, naye akapinga, akashindwa vibaya. Alinieleza yote tangu mwanzo. Bibi, anachosha! Msichana aliyemshinda alikuwa amekaa mbele yake, anamkatiza, "Hiyo si kweli, Lowell. Hiyo pia si kweli," huku anamsogezea mkate.

Kisha wakanigeukia wote wawili. Msichana akauliza, "Na wewe unaonaje?"

Nilisema kichwa kinauma, nikatoka.

Kwa hiyo Penhallow nilipendwa bila kusema neno, na Lindqvist niliulizwa nikakimbia. Zimebaki wiki mbili na sijui lolote.

Maren


East Larkin
22 Aprili

Maren,

Wote wazima, hata paka. Theluji imeyeyuka, mabango yote mawili yameonekana, yameoza.

Kichwa hakikuuma.

Nakuuliza kwa mara ya mwisho, kisha nitanyamaza kama mwanamke aliyelelewa vizuri. Ximena yuko wapi? Umewauliza wageni wa majimbo mawili wanakula wapi, na nimefurahi, umewauliza vizuri. Wewe je? Huko shuleni kwako, mchana, wewe unakula wapi?

Bibi


Tucson
27 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Baba hajambo. Habari nyingine za nyumbani zitangoja.

Nakula maktaba. Nyuma ya rafu za ramani, tangu Oktoba. Mkutubi anajifanya haoni.

Tuna mwalimu wa historia, Bwana Haldane. Kuna siku alisema neno darasani juu ya watu wanaovuka mpaka. Mimi sikuwepo, nilikuwa kwa daktari wa meno. Siku iliyofuata Ximena alikuwa na waraka wa kutaka aondolewe, na rafiki zetu wote wamekwisha kutia saini. Aliponipa mimi kalamu nikauliza, "Kuna mtu aliyemwuliza mwalimu alimaanisha nini?" Basi. Sikusema hana kosa. Ximena alinitazama kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Kesho yake meza yetu ilikuwa imejaa, na imejaa kila siku tangu hapo. Waraka haukufika popote, Bwana Haldane yupo, anafundisha, hajui hata kwamba nilimwulizia. Ndiyo maana nilipoambiwa Penhallow kwamba sitahitaji kujieleza, mabega yalishuka. Nilifikiri nimepona. Lakini tangu nirudi namwaza Tobias. Kule Penhallow mimi ningekuwa Tobias kabla ya Krismasi, au ningekuwa Saskia, na sijui lipi baya zaidi.

Juzi barua yako ilifika. Jana nilichukua trei yangu, nikaenda kwenye meza yetu ya zamani. Nikasema, "Sijatia saini, na sitatia kabla ya kumsikia. Lakini na wewe sijakusikia, Ximena. Sikukuuliza kwa nini neno lile lilikuuma."

Wawili wakainuka wakaondoka na chakula chao. Ximena akabaki. Akasema, "Miezi sita, Maren. Miezi sita ndiyo unauliza leo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Keti basi, unaniziba feni."

Akanieleza. Ni habari ya babu yake na jangwa, na si yangu kuiandika. Aliongea mpaka kengele. Mimi bado naona mwalimu alipaswa kuulizwa, na yeye bado anaona mimi ni mpumbavu. Leo kaniwekea nafasi, kaweka begi lake pale asikae mtu, na hakunisemesha hata neno moja.

Nimewajibu Lindqvist. Naenda huko. Nimemwandikia na yule msichana aliyemshinda Lowell kumwambia ninavyoona kuhusu hisa. Amejibu kwamba nimekosea, na ameandika kwa nini, kurasa mbili.

Bibi, kitu kimoja. Penhallow ni saa mbili kutoka kwako. Nilikuandikia hivyo Februari. Tangu hapo umenigombeza juu ya kila kitu, na hilo hukuligusa hata mara moja. Kwa nini?

Mjukuu wako,
Maren


East Larkin
5 Mei

Mjukuu wangu Maren,

Salamu kwako, kwa mwanangu na ndevu zake, na kwa huyo Ximena, ambaye nilimpenda tangu alipojiharibu nywele na akatoka nje hivyohivyo. Seneta anakula majani sasa. Goti halijambo, ni mimi niliyezoea.

Unauliza kwa nini. Kwa sababu najua kuhesabu saa mbili. Februari, ulipolitaja jina la Penhallow kwa mara ya kwanza, nilipanda chumba cha juu nikakipaka rangi ya njano. Dari nayo nikaipaka, na goti hili. Nikanunua kitanda kwenye mnada wa mjane wa Tuttle. Nikaona tayari Jumamosi zako zote, umekaa jikoni unaniambia mambo ya nyota na mimi nakuambia ni upuuzi. Ningekuandikia neno moja tu la hayo ungekuja. Ungechagua chuo kwa ajili ya kikongwe na kitanda chake, na ungekaa pale miaka minne unaongea baada ya kuzima taa. Mimi sikufanya hivyo. Usinisifu. Ilinikera kila siku na bado inanikera.

Sikubaliani na wewe. Nataka ulijue hilo. Minnesota ni mbali kijinga. Chuo kinachosahau mgeni kikamlaza sakafuni hakina adabu. Huyo Lowell atakuchosha mpaka uhitimu. Na kuna mengine mengi ambayo sitayaandika, kwa maana ukisoma utaruka mistari, nakujua.

Mwambie baba yako akulete huku Agosti, akulete mwenyewe kwa gari, aone bomba. Utalala chumba cha njano. Utakaa mbele yangu nami nitakipinga hicho chuo chako, hoja moja baada ya nyingine, na hutainuka mpaka nimalize. Nikimaliza, utanijibu. Kisha nitawasha gari mimi mwenyewe nikupeleke kituo cha treni, uende zako Minnesota.

Bibi yako,
Verna